Kozi ya mawasiliano kwa wanandoa: somo la tano limelifidia la nne

Mimi na mke wangu tumemaliza kozi ya wiki sita, inayofundishwa kwa njia ya video, ambayo lengo lake ni kuwasaidia wanandoa wauzuie ugomvi kabla haujawaka kwa kujifunza kuyatazama mambo kwa upande wa mwenzao. Hatukujiunga kwa sababu ya mgogoro mkubwa, bali kwa sababu ya vijigomvi vilevile vinavyozimika leo na kurudi wiki ijayo.

Somo la kwanza lilikuwa mchezo. Mmoja anagonga meza kwa kufuata mdundo wa wimbo unaofahamika, na mwenzake anautaja. Nilikuwa na hakika kwamba mke wangu angeutambua papo hapo, kwa kuwa kichwani mwangu wimbo ulikuwa ukisikika wote, sauti na ala zake, kumbe yeye alisikia kugongagonga tu. Elizabeth Newton alifanya jaribio hili katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1990: wagongaji walitabiri kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa, lakini kati ya nyimbo 120 zilitambuliwa 3. Sijaona njia nyepesi zaidi ya kumwonyesha mtu kwamba alichokusudia kusema na kilichomfikia mwenzake huweza kuwa vitu viwili tofauti.

Masomo mawili yaliyofuata, kuhusu namna tunavyolihesabu kosa la mwenzetu kuwa ni tabia na letu kuwa ni bahati mbaya, ni ya kweli lakini yamerefushwa bila sababu.

Somo la nne ndilo udhaifu wa kozi hii. Tuliagizwa tufumbe macho, tujiweke mahali pa mwenzetu, kisha tuandike anachohisi. Niliandika ukurasa mzima kwamba mke wangu hunyamaza jioni kwa kuwa amenikasirikia, nami nikajiona mwenye huruma kubwa. Aliposoma alicheka, akaniambia, "Mume wangu, huwa napanga kazi za kesho kichwani." Wahenga walikwisha kusema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na watafiti Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley walichapisha mwaka 2018 majaribio 25 yanayoelekea huko huko: kuwaza tu mtazamo wa mwingine hakukuwafanya watu waujue kwa usahihi zaidi, ilhali kumuuliza kulisaidia.

Kwa bahati njema, somo la tano ni la kuuliza. Limejengwa juu ya kanuni iliyopendekezwa na mwanasaikolojia Carl Rogers, kwamba huruhusiwi kutoa hoja yako mpaka uieleze upya hoja ya mwenzako kwa namna ambayo yeye mwenyewe ataikubali. Inaonekana rahisi hadi uijaribu. Mara tatu nilieleza na mara tatu nikajibiwa, "Hapana, sivyo nilivyosema," na nilipofaulu hatimaye, ile hoja kali niliyokuwa nimeiandaa ilikuwa haina tena wa kuipokea. Tungelipia somo hili peke yake bila kunung'unika.

Zoezi la mwisho, la kuuandika ugomvi kama ambavyo angeuona mtu wa nje anayewatakia mema wote wawili, limedhulumiwa. Katika utafiti wa Eli Finkel na wenzake uliochapishwa mwaka 2013, wanandoa waliandika kwa dakika 7 kila baada ya miezi minne, mara tatu kwa mwaka, na ubora wa ndoa zao ukaacha kushuka. Kozi imelipa nafasi finyu mwishoni, bila ratiba wala ukumbusho wowote wa kulirudia.

Onyo kwamba mafunzo haya hayafai pale penye kipigo au vitisho lipo, lakini limefichwa chini kabisa ya maelezo ya kujiunga, wakati lilistahili kuwa juu. Naipa kozi nyota nne kati ya tano. Atakayejiunga na aliruke somo la nne, na muda huo autumie kulirudia la tano.