Toyota Aqua huku Kusini: mafuta, vumbi na karatasi ya bima

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Toyota Aqua inamfaa mtu anayeishi Mtwara mjini na kazi yake inampeleka Lindi na Masasi kwa lami. Mwenye mikorosho yake Tandahimba ndani kabisa atafute gari lililonyanyuka. Na wote wawili wajue kwamba shughuli iko kwenye bima kuliko kwenye injini.

Yangu ni ya mwaka 2017, injini ya cc 1,496 ikisaidiwa na mota za umeme. Mafuta ndiyo yaliyonivuta kwanza, kisha umri. Nilikuwa natafuta gari mwaka 2024, na la 2017 lilikuwa bado halijaingia kwenye ushuru wa uchakavu, ambao kwa gari dogo la kutembelea ni asilimia 15 likizidi miaka 8 na asilimia 30 likizidi miaka 10. Wengi wanaona bei ya Japan kwenye simu, wanashangilia kwamba la 2012 ni bei ya kutupa, kumbe unafuu wote unaishia TRA, mamlaka ya kodi. Kikokotoo cha TRA kiko wazi mtandaoni: unaweka aina, mwaka na ukubwa wa injini, kinakutolea jumla ya kodi. Kaa nacho jioni nzima kabla hujaanza kuchagua rangi.

Sikuagiza. Nilinunua yadi Dar es Salaam, maana nilitaka kuligusa gari kabla ya kutoa hela. La kwanza nililolipenda lilikuwa jeupe, limeng'arishwa hadi matairi, na saa inasoma kilomita elfu sitini na kitu. Nikapiga picha namba ya chesisi, nikalipia huduma ya kutafutiwa karatasi ya mnada wa Japan. Karatasi ikaja na kilomita zaidi ya laki na thelathini, na daraja lake ni R, yaani lilishagongwa likanyooshwa. Nilipomwonyesha muuzaji akacheka. "Dada, hizo karatasi za mtandaoni watu wanachapisha tu." Nikamshukuru, nikavuka barabara kwenda yadi nyingine.

Huko nilikwenda na fundi umeme, na hela niliyomlipa siku ile ndiyo niliyoitumia vizuri kuliko zote. Alichomeka kidude chake chini ya usukani, kikaungana na simu yake kwa bluetooth, akaanza kusoma. Kosa linaloogopwa kwenye haibridi (gari la mafuta na umeme kama hili) ni P0A80, yaani betri kubwa ya mota imechoka. Halikuwepo. Mimi nilitaka kumaliza, yeye akafungua ukurasa mwingine.

"Subiri dada. Mtu akifuta makosa asubuhi ili wewe mchana usiyaone, gari linapoteza na vipimo vyake vya ndani. Vinaandika havijakamilika mpaka litembee siku kadhaa. Angalia, hivi vyote vimekamilika. Hawajalifuta."

Kisha akaliendesha kuzunguka mtaa mimi nikiwa nimeshika simu, naangalia volti za kila kundi la seli. Akikanyaga mafuta zinashuka, akishika breki zinapanda, na zote zinakwenda pamoja. Kundi moja likiwa linazama peke yake, alisema, gari hilo unaliacha hapo hapo hata kama bei ni ya ndugu.

Safari ya kuja nyumbani ni takriban kilomita 560. Tangi la Aqua ni lita 36. Nilijaza Mkuranga, nikapita Kibiti, Daraja la Mkapa, Somanga, Nangurukuru, Lindi, nikaingia Mtwara bila kuongeza hata lita moja, na bado kulikuwa na mafuta ya kuzungukia mjini. Ilipotoka mwaka 2011, vipimo vya Japan viliipa kilomita 35.4 kwa lita. Hizo ni za Japan. Mimi napata kati ya 22 na 25, kiyoyozi kikiwa kimewashwa muda wote, na sina malalamiko. Malalamiko niliyapata Somanga, ambako barabara ilikatwa na mvua za Kimbunga Hidaya, Mei 2024. Nilipopita, sehemu zilizofukiwa zilikuwa bado na matuta, na Aqua imesimama sentimita 14 tu kutoka chini. Kila tuta nililishuka kwa mshazari huku nimeng'ata meno.

Swali ninaloulizwa kila nikiegesha karibu na soko ni hili: "Hii unaichaji wapi?" Haichajiwi popote. Ukishika breki, mota inageuka kuwa jenereta, inarudisha umeme kwenye betri kubwa. Kwenye foleni injini inazima, gari linasogea kwa umeme peke yake. Gia boksi yake haina ule mkanda wa CVT (gia otomatiki za mkanda) unaowatesa watu kwenye magari mengine, wala injini haina stata ya kawaida; mota nyingine ya umeme ndiyo inayoiamsha. Vitu vya kuharibika vimepungua. Fundi wa mtaani akikwambia haibridi ni kichaa kwa sababu ina vitu vingi, muulize lini mara ya mwisho alifungua moja. Ila waya za rangi ya chungwa asiziguse, wala wewe usiziguse. Betri peke yake ni volti 144, si mchezo.

Utulivu wake nao una kero. Sokoni watu hawaisikii. Nimejifunza kutambaa nyuma ya mama aliyebeba beseni mpaka mwenyewe ageuke, maana ukipiga honi anashtuka na beseni linakwenda.

Ujapani wake haujaisha. Redio ilikuja na masafa yao, kuanzia 76 mpaka 90, kwa hiyo stesheni nyingi za kwetu zilikuwa nje. Nikafungiwa kifaa cha kuongeza masafa. Na kila nikiwasha, sauti ya kike inanitangazia kwa adabu kubwa kwamba kadi ya kulipia barabara za kulipia haijachomekwa. Ningeweza kuing'oa. Watoto wa dada yangu wamekataa, wanaiitikia.

Herufi B kwenye gia wengi hawaigusi. Ukishuka ukingo wa Newala kuelekea Masasi ndipo utaijua. Breki ya umeme inajaza betri mpaka inafurika, haina pa kuweka tena, na ukiwa kwenye B kompyuta inaizungusha injini bila kuchoma mafuta ili ishike gari. Injini inanguruma, abiria wanatazamana, wewe endelea kushuka. Pedi za breki zitakushukuru.

Sasa vumbi. Chini ya kiti cha nyuma ndiko inakokaa betri kubwa, na pembeni kuna tundu la kuvutia hewa ya kuipoza. Hakuna aliyeniambia yadi. Baada ya msimu mmoja wa kupita Nanyamba na barabara za pembeni, nikasikia feni inavuma kwa nguvu kila mchana wa jua. Fundi akang'oa kifuniko, akaitoa feni yenyewe. Mabawa yake hayakuonekana. Vumbi jekundu lilikuwa limeshikamana na nywele na pamba ya kiti, nene kama blanketi, na katikati yake ganda la korosho. Betri ilikuwa inapumua kwa shida. Tukaisafisha kwa brashi ya kupakia rangi na upepo wa kompresa, feni ikanyamaza. Tangu hapo inafunguliwa kila nikimwaga oili, na hakuna mfuko, gunia wala ndoo ya samaki inayowekwa mbele ya lile tundu. Ndugu zangu wameliona hilo kuwa maringo. Sawa.

Betri ndogo, ile ya volti 12, nayo ipo huko huko nyuma, na hiyo ikifa gari lote limekufa hata kama kubwa imejaa. Haiwashi injini; inaamsha kompyuta tu. Kwa hiyo haikupi ile dalili ya stata kuzunguka kivivu. Leo inawaka, kesho kimya. Spea yake kwa hapa mjini ni ya kuagiza, inatumwa kwa basi kutoka Kariakoo.

Nije kwenye bima.

Bima ndogo, ambayo sheria inailazimu, kwa gari binafsi ni shilingi 118,000 pamoja na VAT. Inawalipa utakaowagonga; gari lako halimo. Kubwa mara nyingi inapigwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kisha VAT asilimia 18 juu yake. Gari la milioni 20 ni 700,000, ukiongeza VAT inafika 826,000. Nilipoguna, wakala akanipa ushauri wa bure: "Tuandike milioni 12 dada, kwani nani atajua?"

Mkadiriaji hasara atajua. Mikataba mingi ina kifungu kwamba ukikatia bima chini ya thamani halisi, fidia nayo inapunguzwa kwa uwiano ule ule. Gari la milioni 20 lililoandikwa 12, likipata hasara ya milioni 5, unahesabiwa milioni 3, na hapo hawajakata ile sehemu ambayo mwenye gari hujilipia mwenyewe kila ajali. Nikaandikisha thamani yake kamili. Nikaondoka na risiti, na kabla sijafika nyumbani nikaingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka inayosimamia bima (TIRA), kuona kama bima imesajiliwa kweli. Ilikuwepo. Fanya hivyo hata kama wakala ni shemeji yako.

Jiwe likanipata kati ya Nanganga na Mtama. Siku hizi barabara ya Masasi imejaa malori ya makaa ya mawe yanayotoka Songea kwenda bandari ya Mtwara, na moja lilinirushia kokoto iliyotua upande wa abiria. Nilipofika Mingoyo ufa ulikuwa umeshavuka nusu ya kioo.

Kioo cha mbele cha Aqua yangu kina kazi zaidi ya kuzuia upepo. Nyuma ya kile kioo cha kutazamia nyuma kuna kamera na leza, vinavyotazama mbele: vinapiga kelele ukitoka kwenye mstari, na vinashika breki vyenyewe vikiona unakwenda kugonga. (Kile cha mstari kinanisumbua nikikwepa bodaboda, lakini kimewahi kuniamsha jua la saa nane karibu na Mchinga, kwa hiyo sikizimi.) Gereji iliyopendekezwa na kampuni ya bima ilileta makadirio ya kioo cha kawaida. Nikauliza, kamera itashikiliwa na nini? Fundi akasema, "Tutaibandika na gundi." Nikakataa kusaini. Ikabidi kitafutwe kioo chenye kishikio chake, na huko Ilala kilipatikana kwa bei inayokaribia mara mbili.

Kioo wakalipa, baada ya picha, ripoti ya polisi na simu nyingi ambazo haikupokewa hata robo. Lakini kilipofungwa, taa ya mfumo ule ikabaki inawaka kwenye dashibodi. Kamera ikihamishwa hata kidogo inapaswa kupangwa upya kwa mashine, vinginevyo inaona barabara isiyo mahali pake. Kazi hiyo nilifanyiwa Dar es Salaam. Kampuni ikaniandikia kwamba huo si uharibifu, ni "marekebisho", na hayamo. Nikasoma mkataba mstari kwa mstari. Ulisema watalirudisha gari katika hali lililokuwa nayo kabla ya hasara. Nikawaandikia sentensi hiyo hiyo, na nakala nikasema itakwenda TIRA. Wakalipa nusu. Nusu nyingine bado iko kwenye "mchakato", na mwenye kuujua mchakato huo hajawahi kuwa ofisini siku niliyopiga.

Kwa hiyo kama gari lako lina kamera kwenye kioo, kabla ya kulipa uliza kwa maandishi: kioo kina kikomo cha shilingi ngapi, kupanga kamera kumo au hakumo, betri kubwa ikiingia maji ya mafuriko inahesabiwa vipi, na wewe unajilipia kiasi gani kila hasara. Wakala wangu wa kwanza aliyajibu yote kwa "usijali".

Mwaka huu nimehama kampuni. Thamani ya gari imeshuka, tumeishusha pamoja baada ya wao kulikagua na kulipiga picha, mpaka namba ya chesisi. Kupanga kamera kumetajwa ndani, na kikomo chake kimeandikwa. Nimelipa zaidi kidogo kuliko walivyotaka wengine, na mkataba wote nilitumiwa nikausoma kabla hela haijatoka kwenye simu.