Skopu ya kuwindia kulungu: tazama msalaba kwanza, mengine baadaye

Kila Novemba, msimu wa bunduki ukishafunguliwa hapa Minnesota, Marekani, simu yangu hujaa malalamiko ya aina moja kutoka kwa Wakenya wenzangu. "Dada, dume alitoka kwenye misonobari dakika za mwisho. Nilimwona vizuri kabisa ndani ya skopu. Msalaba ndio sikuuona." Mnyama yupo, kioo cha skopu (ile darubini inayofungwa juu ya bunduki) ni safi, saa halali hazijaisha, lakini ile mistari ya kulengea imepotelea kwenye manyoya ya kijivu na vivuli vya miti. Mwenye busara hapo hushusha bunduki. Asiye nayo hubahatisha, na usiku tunaitwa na tochi kumsaidia kufuata damu.

Sitawachosha basi na mambo ambayo kila duka litawaambia: mng'ao wa lenzi, kuzuia maji, gesi ya naitrojeni ndani ya bomba. Skopu yoyote ya kampuni inayojiheshimu ina hayo yote. Nitasema juu ya msalaba, kwa sababu hakuna anayeuulizia mpaka umponze.

Sheria ya hapa inaruhusu kuwinda kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na kulungu wa mkia mweupe hupenda kutembea katika vipindi hivyo hivyo. Wikendi ya kwanza ya msimu, mara nyingi jua linazama karibu na saa kumi na moja jioni. Ukiwa juu ya stendi (jukwaa la kuvizia) mtini, na mawingu yametanda, giza la msituni linakufikia mapema kuliko la barabarani. Skopu unayoinunua unainunulia dakika hizo. Saa sita mchana hata kioo cha bei ya kutupa kitakuonyesha ng'ombe wa jirani.

Umbali si tatizo letu. Msituni ni nadra kumwona kulungu zaidi ya yadi 150. Kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa mahindi, sema 250. Bunduki ya risasi aina ya .308 uliyoirekebisha ipige sawasawa kwenye yadi 200 itapiga kama inchi 2 juu kwenye yadi 100, na hapo katikati kote bado umo ndani ya kifua cha mnyama. Huhitaji vifundo vya kuzungusha kabla ya kila risasi, wala mistari ya kuhesabia upepo. Hata hivyo hizo ndizo skopu zinazosukumwa siku hizi: zinakuza mara 4 hadi 16, mara 5 hadi 25, ndani yake kuna mti wa Krismasi wa vidoti na namba.

Ubaya wa nyingi kati ya hizo ni mahali msalaba ulipowekwa. Ukiwekwa mbele ya lenzi za kukuza, msalaba hukua na kupungua pamoja na picha. Kwa anayepiga bati la chuma yadi 800 mchana kweupe, hilo ni jambo zuri, maana vipimo vyake havibadiliki. Lakini mwindaji wa msituni hushusha ukuzaji hadi mara 4 ili aone upana, na msalaba unashuka naye mpaka unabaki unywele. Akipandisha ukuzaji ili auone, picha inafifia. Msalaba uliowekwa nyuma ya lenzi hizo hubaki na unene uleule kwenye mara 3 na kwenye mara 9. Nunua huo wa nyuma. Kama muuzaji hajui ni upi, mwambie azungushe pete ya ukuzaji huku wewe ukitazama. Msalaba ukinenepa na kukonda, mrudishie.

Kisha kuna umbo. Msalaba wenye mistari myembamba mwanzo hadi mwisho ni wa kwenye karatasi ya shabaha. Msituni unataka nguzo nene zinazoingia kutoka pembeni, halafu zinakonda karibu na katikati. Hata uzi wa katikati ukitoweka, nguzo zinaonekana, na jicho lenyewe linaweka kifua cha mnyama katikati yake. Leupold walitoa muundo huo wakauita Duplex mwaka 1962, na tangu hapo karibu kila kampuni imeuiga. Wajerumani wana wao, namba 4, wenye nguzo tatu nene na uzi mwembamba upande wa juu. Ningekuwa na uwezo ningewalazimisha wote waweke namba 4 kwenye skopu za bei ya kati, lakini nani anisikilize.

Na lenzi kubwa ya mbele? Gawa kipenyo chake kwa ukuzaji upate upana wa mwale unaofika jichoni. Milimita 40 kwa mara 5 ni 8. Mboni ya mtu mzima gizani hufunguka milimita 5 hadi 7, na umri unavyosogea inapungua. Kwa hiyo kwenye mara 5 lenzi ya 50 inamwaga mwanga ambao jicho lako haliwezi kuupokea, tena inakulazimisha kutumia pete ndefu za kuifungia kwenye bunduki na kuinua shavu kutoka kwenye kitako. Arobaini inatosha.

Sasa safu yangu, na sifichi kwamba nina upande.

Ya kwanza ni Leupold VX-Freedom 3-9x40 (inakuza mara 3 hadi 9, lenzi ya mbele milimita 40) yenye Duplex. Inakusanywa Beaverton, Oregon, haifiki hata gramu 400, na bei yake inazunguka dola 300. Nyuma yake nafasi ya jicho ni ya kutosha, kwa hiyo sisi wenye miwani hatutachanwa nyusi bunduki ikiruka. Dhamana yao ni ya maisha na haiulizi risiti wala kama wewe ndiye mwenye wa kwanza, kwa hiyo hata ya mkononi inafaa. Ukiwa na fedha zaidi, panda kwenye VX-3HD ya kampuni hiyo hiyo. Kuna zenye kidoti cha taa wanachokiita FireDot, ambacho hujizima bunduki ikitulia na kuwaka ukiigusa. Mtu ataniambia uzi wa katikati wa Duplex ni mwembamba mno, na ni kweli. Ndiyo maana nimesisitiza nguzo.

Ya pili ni Trijicon AccuPoint 3-9x40. Haina betri: mchana kidoti chake hulishwa na uzi wa nyuzinyuzi unaokusanya mwanga, na gizani na tritiamu, gesi yenye mnururisho inayotoa mwanga bila umeme. Kwenye baridi ya hapa, inayoua betri za simu mfukoni, hilo si jambo dogo. Kwa tatizo ninalolizungumzia hii ndiyo dawa kamili, na ingekuwa ya kwanza kama bei isingekaribia dola elfu moja.

Ya tatu ni Swarovski Z3 3-10x42, uichukue yenye msalaba wa 4A, ndugu wa ile namba 4. Waaustria wanajua vioo, sibishi. Ila ninapowaona vijana wetu wanaofanya zamu mbili kwenye nyumba za wazee wakilipia kioo kuliko bunduki yenyewe, nanyamaza tu.

Za bei nafuu: Vortex Crossfire II yenye V-Brite, kwa sababu msalaba wake una taa na dhamana yao ni nzuri. Weka betri mpya kila msimu, na tumia mwanga wa chini kabisa, maana taa kali inaziba mnyama. Chini ya hapo sina la kusema. Rahisi ni ghali.

Sasa niwaseme wauzaji. Wengi wetu tumekulia Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Hakuna babu aliyeturithisha bunduki, wala mjomba wa kutufunza stendi inawekwa wapi. Tunaingia dukani tukitegemea neno la mtu wa kaunta, na yeye akishasikia lafudhi anachagua moja kati ya mawili: akupeleke kwenye kile kifurushi cha bunduki iliyofungwa skopu ya dola 60 tayari, au akuuzie skopu ndefu kama bomba la maji aliyoshindwa kumuuzia mwingine. Duka moja, ambalo silitaji, liliniuzia pete zisizolingana na reli ya bunduki yangu, likakataa kuzipokea kwa sababu pakiti imefunguliwa. Ningejuaje hazilingani bila kuifungua? Na ile "punguzo" ya wiki ya Thanksgiving, sikukuu ya mwishoni mwa Novemba! Nenda ukaangalie bei ya Septemba kwanza, ndipo ushangilie. Msimu wetu wa bunduki kwa sehemu nyingi za jimbo unakuwa umeisha hata hivyo, kwa hiyo wanakupunguzia kitu cha mwaka ujao.

Mtandaoni nako kuna bandia. Leupold wenyewe wametoa tahadhari kuhusu nakala za skopu zao, na nakala haina dhamana hata kidogo. Ukikuta mpya inauzwa robo ya bei, omba namba yake uwaulize kampuni kabla ya kulipa.

Dukani usikubali kuielekeza skopu kwenye taa za dari au kwenye lango la mbele. Ishushe hadi ukuzaji wa chini kabisa, tazama nayo kona nyeusi kuliko zote, chini ya rafu ya makoti kwa mfano. Funga macho, fungua. Kama lazima uutafute msalaba, usinunue. Bora zaidi nenda jioni, uombe mtu wa kaunta akusindikize nje na skopu mbili tatu. Anayekataa kusogea hatua ishirini kwa ajili ya mauzo ya dola 300 amekwisha kukujibu.

Mwisho ni kwa wanaopanga kumpelekea mjomba skopu kijijini: msiitie kwenye sanduku. Skopu za bunduki zimo kwenye orodha ya bidhaa ambazo Wizara ya Biashara ya Marekani inadhibiti kuzitoa nchini, na kibali huombwa kabla ya safari. Mjomba mpelekeeni darubini ya kawaida ya macho mawili, atazame nayo tembo wanaoingia shambani.