CCD au CMOS: kamera ya kihisi kipi?
CCD na CMOS ni aina mbili za kihisi, kile kipande ndani ya kamera kinachonasa picha. Vyote viwili hugeuza mwanga kuwa umeme. Tofauti ni namna ya kuusoma. CCD, iliyobuniwa katika maabara ya Bell Labs, Marekani, mwaka 1969 na wanasayansi Boyle na Smith, hupokezana chaji pikseli (nukta ya picha) kwa pikseli hadi mlango wa kutokea, na kazi hiyo hula betri. CMOS ina kikuza umeme ndani ya kila pikseli: ina kasi, ni nafuu kuitengeneza, ndiyo iliyomo kwenye simu yako.

Lakini rekodi pangaboi likizunguka. Kwa CMOS nyingi mapanga hupinda, maana mistari husomwa mmoja baada ya mwingine. CCD nayo, ikielekezwa taa kali, huchora mstari wima kwenye video.

Harusi za usiku, nabeba CMOS. Mwenye CCD ya zamani anayepiga mchana asiiuze. Rangi zake nazipenda mno. Betri tu azitafute mapema.