Tailscale kwenye mtandao wa chuo: njia inafunguka, shida inabaki kwenye usingizi wa kompyuta

Mtu akitaka kukaa hosteli na kuendesha kompyuta aliyoiacha maabara, kwa kawaida huanza kutafuta programu ya kuonyesha kioo, yaani skrini ya kompyuta iliyo mbali. Kioo ni kazi ndogo. Windows (isipokuwa toleo la Home) ina uwezo huo ndani yake tangu zamani, na kwenye Linux unauongeza. Kinachogoma chuoni ni njia. Kompyuta ya maabara ina anwani kama 10.20.4.31, ambayo nje ya pale haina maana, na ya hosteli iko kwenye Wi-Fi nyingine. Hata laptopu mbili zikikaa meza moja kwenye Wi-Fi ileile, mara nyingi mtandao umepangwa makusudi ili vifaa visionane. Unapiga ping, jibu ni "Request timed out", na kompyuta yenyewe unaigusa kwa mkono. Ruta si yako, kwa hiyo habari za kufungua poti, yaani mlango wa ruta wa kupokea miunganisho kutoka nje, zisahau.

Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwenye mtandao wako binafsi popote vilipo, inashughulikia hiyo njia, na inaishughulikia vizuri kuliko chochote ambacho mwanafunzi au mhadhiri anaweza kukipata bila kulipa. Imejengwa juu ya WireGuard, teknolojia ya VPN (njia iliyosimbwa kati ya vifaa). Kila kifaa kinapewa anwani ya kudumu inayoanza na 100, kutoka fungu la 100.64.0.0/10, na anwani hiyo haibadiliki uwe maabara, hosteli au kwenye bando la simu. Mpango wa matumizi binafsi haulipiwi.

Kabla ya kusakinisha, amua utaingia na akaunti gani, maana kosa la hapa linauma baadaye. Usitumie barua pepe ya chuo. Tailscale huichukulia anwani yenye jina la taasisi kuwa ya taasisi, si yako peke yako, na siku ukihitimu akaunti ikafungwa, mtandao wako nao unakwenda. Chukua Gmail yako au GitHub, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Atakayeipata akaunti hiyo anafika kwenye mlango wa kompyuta zako zote.

Kwenye Windows unapakua, unasakinisha, unaingia kwa akaunti, basi. Kwenye Ubuntu ni mistari miwili:

curl -fsSL https://tailscale.com/install.sh | sh
sudo tailscale up

Mstari wa pili unakupa kiungo cha kufungua kwenye kivinjari. Rudia kwenye kompyuta ya pili kwa akaunti ileile, kisha andika "tailscale status" uone zote mbili zimeorodheshwa.

Kipimo chenyewe kinakuja sasa. Andika "tailscale ping maabara", ukiweka jina la kompyuta unayotaka kuifikia badala ya "maabara". Majibu ni ya aina mbili, na tofauti yake ndiyo itakayoamua kama utaifurahia huduma hii:

pong from maabara (100.101.12.7) via 10.20.4.31:41641 in 3ms
pong from maabara (100.101.12.7) via DERP(nai) in 52ms

La kwanza ni njia ya moja kwa moja. La pili maana yake fayawali ya chuo imezuia UDP (aina ya usafirishaji wa data ambayo njia ya moja kwa moja huitegemea), au vifaa vimetenganishwa, kwa hiyo data inapita kwenye seva ya kati ya Tailscale, inayoitwa DERP. Hiyo "nai" ni Nairobi. Laptopu mbili zilizo chumba kimoja Dodoma zinaweza kuwa zinazunguka mbuyu hadi Nairobi na kurudi. Usalama haupungui, kwa sababu funguo za usimbaji hazitoki kwenye vifaa vyako na seva ya kati haisomi kitu. Kinachopungua ni kasi, kwa sababu seva hizo ni za kugawana. Kuandika amri na kuhariri hati kunawezekana bila tabu. Kuhamisha gigabaiti 20 za picha za satelaiti, tumia diski ya kubeba mkononi.

Uzuri ni kwamba hiyo njia ya kati inapita poti 443 ya TCP, ileile ya tovuti za kawaida, kwa hiyo hata penye masharti makali kitu kinapita. Ukitaka kujua UDP imezibwa au la, andika "tailscale netcheck" na usome mstari unaoanza na UDP: true au false. Ukiona false kwenye Wi-Fi, jaribu waya wa mtandao ukutani, kwani mara nyingi sheria zake ni tofauti.

Njia ikishapatikana, kioo kwenye Windows ni Remote Desktop ya Microsoft yenyewe. Fungua Settings, System, Remote Desktop, uiwashe. Kama swichi hiyo haipo, andika winver: Windows Home haipokei Remote Desktop, ni Pro na kuendelea tu. Laptopu nyingi zinazouzwa madukani zina Home, na muuzaji hakwambii. Zile programu za kuilazimisha Home ipokee achana nazo, zinakiuka leseni na sasisho likija zinavunjika. Badala yake weka RustDesk, programu nyingine ya kioo cha mbali, ruhusu kuunganishwa kwa anwani ya IP ndani ya mipangilio yake ya usalama, kisha uiite kwa ile anwani ya 100. Inatumia poti 21118.

Kwenye Pro, kinachowatesa watu ni nywila. Remote Desktop haikubali PIN ya Windows Hello, ile namba fupi ya kufungulia kompyuta. Inataka nywila ya akaunti, na kama ni akaunti ya Microsoft, jina la mtumiaji ni barua pepe nzima. Ukiwa na uhakika nywila ni sahihi na bado inakataa, nenda Sign-in options, zima ile swichi inayoruhusu Windows Hello pekee, toka kwenye akaunti, kisha ingia mara moja kwa nywila ukiwa mbele ya kompyuta yenyewe. Bila hivyo Windows haina nywila iliyohifadhiwa ya kulinganisha. Kujua kama tatizo ni njia au nywila, fungua PowerShell kwenye kompyuta uliyo nayo:

Test-NetConnection maabara -Port 3389

TcpTestSucceeded ikiwa True, njia iko sawa, shughulika na nywila. Ikiwa False na tailscale ping inajibu, tazama fayawali ya Windows.

Kwenye Linux, kama kazi yako ni ya amri, usihangaike na kioo. "sudo tailscale set --ssh" inatosha, inakuwezesha kuandika amri ukiwa mbali (SSH), na scp, amri ya kunakili faili, itabeba faili. Anayetaka kioo aweke xrdp, programu inayoifanya Linux ipokee Remote Desktop, lakini atoke kwanza kwenye akaunti pale maabara. Ukiacha umeingia pale na ukaingia tena kwa mbali kwa jina lilelile, utapokelewa na kioo cheusi na hakuna ujumbe wa kosa.

Sasa ugonjwa mkuu. Malalamiko mengi ya "Tailscale imekatika" ni kompyuta iliyolala. Ikilala, hakuna programu duniani itakayoifikia. Kwenye Windows, andika "powercfg /change standby-timeout-ac 0", kisha kama ni laptopu uende Control Panel, Power Options, uchague isifanye chochote mfuniko ukifungwa. Kwenye Linux:

sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target

Wake-on-LAN, ile njia ya kuamsha kompyuta iliyolala kupitia mtandao, haipiti ndani ya Tailscale, kwa sababu ule ujumbe wa kuamsha unatembea kwenye mtandao wa ndani tu. Lazima uwe na kifaa kingine kilicho macho upande uleule wa mtandao, hata Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu), uingie humo kwanza ndipo uamshe nyingine kutoka hapo.

Umeme nao una yake. Kompyuta ya mezani ukikatika inazima na kubaki imezima, mpaka uingie BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla Windows haijawaka) na kutafuta mpangilio wenye jina kama Restore on AC Power Loss, uuweke Power On. Ikishawaka, Windows inasubiri mtu aingie. Hapo ndipo chaguo la "Run unattended" kwenye ikoni ya Tailscale linapokuwa la lazima, maana bila hilo Tailscale inaunganika mtumiaji akishaingia tu. Hata ukiliweka, Wi-Fi ya eduroam, ile ya pamoja ya vyuo, kwa kawaida hutumia jina na nywila ya mtumiaji, kwa hiyo haiungi kabla hujaingia. Na Wi-Fi zenye ukurasa wa kuingia kwenye kivinjari ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hakuna wa kubonyeza. Kompyuta ya kuachwa peke yake ichomeke waya. Wi-Fi iachie ile unayotembea nayo.

Jingine linalokuja kimyakimya: ufunguo wa kila kifaa unaisha baada ya siku 180, na kifaa kinadondoka hadi uingie upya. Ikitokea katikati ya likizo ndefu, unaweza kukwama. Kwa kompyuta ya maabara pekee, ingia kwenye ukurasa wa Machines, bonyeza nukta tatu, chagua Disable key expiry. Laptopu inayoweza kuibiwa daladalani iache iishe.

Nani asiitumie? Anayetaka kumsaidia mtu mwingine mara moja kurekebisha printa. Kwake Chrome Remote Desktop au AnyDesk ni rahisi, anasomewa tarakimu kwenye simu na kazi inaanza. Pia asiitumie anayetaka kuiweka kwenye kompyuta ya chuo bila ruhusa. Vyuo vingi vina sera inayokataza VPN zisizoidhinishwa. Ukurasa wa kuingia Tailscale usipofunguka kabisa kwenye Wi-Fi ya chuo na ukafunguka kwenye bando la simu, dalili ni kwamba kitengo cha TEHAMA wameizuia. Waandikie ukieleza ni kompyuta ipi, iko chumba gani na unataka kuifikia kwa ajili ya nini, kwa sababu huenda chuo kina VPN yake ambayo hakuna aliyekuambia habari zake.