PostgreSQL kwenye SACCOS yetu: aliyetukwamisha alikuwa amekwenda kunywa chai

Ilikuwa mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, wanachama wamejaa dirishani, mfumo wetu, unaotunza taarifa zake kwenye programu ya kanzidata iitwayo PostgreSQL, ukaganda. Nikaitazama seva: imetulia tuli, kama haina kazi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikafungua pg_stat_activity, inayoonyesha kila aliyeunganishwa na kanzidata na anachofanya. Kwiri (maombi yanayotumwa kwa kanzidata) zimepanga foleni zikisubiri kufuli, yaani zamu ya kulishika jedwali. Nikafuata mnyororo kwa pg_blocking_pids(), inayotaja nani anamzuia nani: mbele kabisa kulikuwa na ALTER TABLE, amri ya kubadili muundo wa jedwali, ya kijana wetu wa programu, anaongeza safu moja tu kwenye jedwali la wanachama. Lakini naye alikuwa anasubiri! Aliyemzuia ni kikao kilichoandikwa "idle in transaction". Mtu alifungua muamala (kundi la amri linalopaswa kufungwa mwishoni) saa mbili na nusu, akasoma jedwali, akaacha bila kuufunga.

Kumbe hata SELECT, amri ya kusoma tu, hushika kufuli dogo mpaka muamala uishe. ALTER TABLE inataka jedwali peke yake, na ikishaingia kwenye foleni, wote wanaokuja nyuma wanasimama, hata wa kusoma tu.

Nikajaribu pg_cancel_backend. Ikajibu "t", yaani ndiyo, lakini hakuna kilichobadilika, kwa sababu hakukuwa na kwiri inayokimbia ya kusitisha. Kilichosaidia ni pg_terminate_backend, inayokata kikao kizima. Foleni ikayeyuka hapo hapo.

Swali likabaki: kikao cha nani? Jina lilikuwa "postgres", na watu wanne (nami nikiwemo, aibu yangu) tulikuwa tunatumia jina hilo moja na nywila moja. Ikabidi nifuatilie anwani ya kompyuta mpaka kwenye meza ya mhasibu, ambaye alikuwa kantini.

Sasa kila mtu ana jina lake. Mkaguzi nimempa pg_read_all_data, iliyokuja na toleo la 14: anasoma kila kitu, habadilishi kitu. Kabla ya hapo nilimpa ruhusa ya kusoma kwa amri ya GRANT SELECT kwa majedwali yote, nikajiona nimemaliza. Jedwali jipya lilipotengenezwa, akanipigia simu kuwa amezuiwa. Ile amri hugusa majedwali yaliyopo siku hiyo tu.

Kwenye ukaguzi wa nani kafanya nini, sijaridhika. PostgreSQL haiji na ukaguzi wa maana ndani yake. Nililazimika kuongeza pgAudit, kiongezi cha kuandika nani kafanya nini, na kuwasha seva upya, na bado maandishi yake yanaingia kwenye logi ile ile ya kawaida, uyachuje mwenyewe. Na mwenye mamlaka yote anaweza kuizima, kwa hiyo logi zetu tunazihamishia seva nyingine ambayo mimi mwenyewe sina ruhusa ya kuigusa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa ya asubuhi ile ilikuwemo. idle_in_transaction_session_timeout, inayokata kikao kilichoacha muamala wazi bila kazi, ipo tangu toleo la 9.6, mwaka 2016, ila inakuja ikiwa sifuri, yaani imezimwa. Nimeiweka dakika tano. Kijana naye haendeshi ALTER TABLE bila lock_timeout, kikomo cha kusubiri kufuli, ya sekunde tatu. Ikishindikana, anarudia jioni.

PostgreSQL naipa nyota nne kati ya tano. Mhasibu anasema yeye angeipa mbili, maana siku hizi akichelewa kantini anakuta ameshatolewa.