Sinia la Karva Chauth la kuagiza Tanga: kizuri chake na kisichofaa

Siku hizi baadhi ya wake wa Kihindu wa Tanga hununua sinia la mfungo wa Karva Chauth likiwa limekwisha kupangwa, badala ya kuzunguka madukani na sokoni kutafuta kila kitu wenyewe. Sinia ninalolieleza hapa huandaliwa na mama mmoja wa Kigujarati nyumbani kwake, upande wa Ngamiani, ambaye wateja wake wote, wakubwa kwa wadogo, humwita Masi, yaani mama mdogo. Hana kibao mlangoni wala hajitangazi. Oda hufika kwa simu, na malipo hufanywa kwa simu vilevile. Mwaka 2025, mfungo ulipoangukia Ijumaa ya tarehe 10 Oktoba, niliagiza sinia kamili kwa shilingi 45,000, na maoni yangu ni kwamba kila kilichotoka katika ardhi na majiko ya Tanga kilikuwa kizuri kupita nilivyotarajia, ilhali karibu kila kilichotoka katika pakiti iliyosafiri kutoka mbali kilikuwa hakifai.

Kwa msomaji asiyeujua mfungo huu, Karva Chauth ni siku ambayo mwanamke aliyeolewa hufunga kwa ajili ya uhai na afya ya mumewe. Huwa siku ya nne baada ya mwezi mpevu, katika Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, siku chache kabla ya Diwali, sikukuu ya taa, na mfungaji hali wala hanywi, hata tone la maji, tangu kabla ya jua kuchomoza hadi mwezi uonekane usiku. Asili yake ni kaskazini mwa India, hasa Punjab, Haryana, Rajasthan na Uttar Pradesh. Wengi wetu hapa Tanga asili yetu ni Gujarat, ambako bibi zetu waliwaombea waume zao katika Vat Savitri, siku ya mwezi mpevu wa Mei au Juni, kwa kuzungusha uzi wa pamba kwenye shina la mti mkubwa wa jamii ya mkuyu na kumkumbuka Savitri, aliyemfuata Yama, mungu wa mauti, hadi akamrudishia mumewe Satyavan. Mama mkwe wangu mpaka leo huiona Karva Chauth kuwa ni mambo ya filamu, na siwezi kumlaumu, kwa kuwa filamu na tamthilia za Kihindi ndizo zilizoufikisha mfungo huu katika nyumba ambazo zamani haukujulikana. Hata hivyo hufunga pamoja nasi, na mwaka huo ndiye aliyekuwa mkaguzi mkali zaidi wa sinia la Masi.

Nianze na chungu, ambacho ndicho kiitwacho karva, kwa sababu bila hicho ibada haina jina. Ni chungu kidogo cha udongo chenye mdomo wa kumiminia, ambacho hujazwa maji na baadaye hutumika kuumiminia mwezi sadaka ya maji. Vile vinavyoletwa kutoka nje hupakwa rangi nyekundu na ya dhahabu ambayo hubanduka mara tu maji yanapoingia, na mchirizi wake huishia kwenye mkono wa sari. Cha Masi hakikupakwa chochote. Amemwagiza mfinyanzi wa huku huku, na kazi yake ilikuwa safi: hakikuvuja usiku kucha, na mdomo ulitoa maji kwa mkondo mwembamba ulionyooka bila kurudi nyuma na kulowesha tumbo la chungu. Mama mkwe alikigonga kwa ukucha, akasikiliza mlio wake, akakirudisha mezani bila neno, na wanaomjua wataelewa kwamba hiyo ni sifa kubwa.

Vitu vibichi ndivyo vilivyonifurahisha kupita vyote. Nazi, majani ya tambuu, popoo, kafuri na asmini ni vitu ambavyo kila Mswahili wa pwani anavifahamu tangu utotoni, kwa kuwa havikosekani katika harusi na vyetezo vya majirani zetu, na ndiyo maana sijawahi kuelewa kwa nini maduka mengine huagiza maua ya plastiki kwa ajili ya ibada. Masi huligawa sinia katika safari mbili. Vitu vikavu na chakula cha alfajiri hufika siku moja kabla, kisha maua na tambuu huletwa alasiri ya siku ya mfungo yenyewe. Asmini zilifika zikiwa bado matumba yaliyofumba, zimetungwa katika uzi wa pamba na kuvikwa jani bichi la mgomba, na kwa kuwa ua hili hufunguka jioni, ilipofika magharibi sebule nzima ilikuwa inanukia. Mchele nao ulikuwa umechambuliwa. Katika ibada hutakiwa punje nzima zisizovunjika, na nilipoumwaga kwenye sahani sikuona chenga, jambo ambalo kwa mchele wa kawaida wa dukani lingenigharimu nusu saa ya kuinama juu ya ungo.

Sasa nifike kwenye rangi, ambapo wanunuzi wengi hudanganyika. Sinia huja na unga mwekundu wa aina mbili: kumkum ya kupaka kwenye paji la uso na kuwapaka miungu, na sindur ya kutia kwenye mstari wa nywele. Kumkum ya asili hutengenezwa kwa manjano yaliyochanganywa na chokaa ileile inayopakwa kwenye tambuu. Manjano yakikutana na chokaa hugeuka mekundu, na yakikutana na kitu kichachu hurudi kuwa manjano. Kwa hiyo kipimo chake ni rahisi na kila mwenye limau anacho. Niliweka chembe ya kumkum ya Masi kwenye kisosi cheupe, nikaikamulia limau, na wekundu ukafifia palepale, kisosi kikabaki na rangi ya pilau ya manjano. Nikatia magadi kidogo, wekundu ukarudi. Hiyo ni kumkum ya kweli, ya kusagwa nyumbani, na harufu yake ni ya manjano hasa.

Nilipoifanyia sindur jaribio hilohilo, haikubadilika hata kidogo. Ilikuwa katika pakiti ya plastiki yenye picha ya bibi harusi, isiyotaja viungo wala mtengenezaji, na rangi yake ilikuwa ya kung'aa mno. Limau likaelea juu yake na kugeuka waridi, na doa lililobaki kwenye kidole changu halikutoka kwa sabuni. Hili si suala la urembo tu. Baadhi ya sindur za kisasa zimewahi kupimwa katika maabara na kukutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa mjamzito na kwa mtoto mdogo anayeshika kichwa cha mama yake kisha akatia vidole mdomoni. Sisemi kwamba hii ilikuwa na risasi. Nasema kwamba pakiti isiyotaja kilichomo haina nafasi katika sinia la kumwombea mtu afya. Nilimpigia simu.

"Masi, shikamoo. Hii sindur umeitoa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Hiyo naletewa kutoka Dar, wateja wanapenda inavyowaka. Wewe tumia ile ya manjano kote kote. Mama yangu hakuwa na nyingine."

Jibu lilikuwa la kweli, lakini kama yeye mwenyewe anajua kwamba ile ya manjano inatosha, basi aiondoe hiyo nyingine na apunguze bei.

Chakula cha kabla ya alfajiri, ambacho kwa desturi mama mkwe humpa mkwewe, kina kazi ileile ya daku katika mwezi wa Ramadhani, na majirani zangu Waislamu hawakuhitaji maelezo marefu walipoona taa ya jikoni inawaka saa kumi usiku. Masi aliweka tambi zilizopikwa kwa maziwa na iliki, tende, korosho, ndizi mbivu na papai. Tambi zilikuwa nzito, tamu kwa kiasi, na iliki ilikuwa imetwangwa wakati huohuo, kwa kuwa maganda yake machache yalikuwa bado yanaelea. Wanawake wa Punjab hula tambi nyembamba za kukaangwa kwa samli, lakini naona hizi zetu zinafaa zaidi kwa hali ya hewa ya pwani. Kasoro ilikuwa kifuko cha chevda, vile vitafunio vikavu vya mchanganyiko. Mwenye kufunga bila maji kwa zaidi ya saa kumi na tano, katika joto la Oktoba na upepo wa chumvi kutoka baharini, hapaswi kuanza siku kwa kitu cha chumvi na pilipili. Ifikapo adhuhuri ulimi umeshagandama. Nilikiweka kando na tukakila baada ya mwezi, na wakati huo, nakiri, hakikuwa na mpinzani. Mwenye kisukari, mjamzito au anayemeza dawa kila siku asiutegemee utamu wa tende kumvusha siku nzima. Wanawake wengi katika hali hizo hunywa maji na maziwa, na ibada yao huendelea kama kawaida.

Hina ilikuwa ya majani, imekandwa kwa limau, na ilitoka rangi ya chungwa usiku ule na kukolea siku iliyofuata kama inavyotakiwa. Haikuwa piko, na hilo linatosha kusemwa.

Taa na chekeche vinahitaji kusemwa kwa ukali zaidi. Taa za udongo zilikuwa mbili, zenye vitako vya mviringo, zikawa zinayumba kila sinia linapoinuliwa. Taa mpya ya udongo hulowekwa kwanza katika maji ili isinywe samli, lakini hapakuwa na maelekezo yoyote, na mnunuzi kijana ambaye hakufundishwa na mama yake ataona utambi unazimika akidhani samli ni mbovu. Chekeche, ambalo mke huutazama mwezi kupitia matundu yake kisha akamtazama mumewe, lilikuwa zuri katika wavu wake lakini lilikuwa limepambwa ukingoni kwa nyuzi za plastiki za rangi ya dhahabu. Wanawake wengi huweka taa inayowaka juu ya chekeche hilohilo wakati wa kutazama. Plastiki, moto, ncha ya mtandio na upepo wa juu ya paa la nyumba ya Tanga havipaswi kukutana. Nilizing'oa nyuzi hizo zote kwa mkasi kabla ya magharibi, na namshauri kila atakayenunua afanye hivyo mpaka Masi atakapobadilisha.

Ndani ya sinia mna pia karatasi ya hadithi, ambayo wanawake husomeana jioni wakiwa wamekaa duara na kupitishiana masinia. Ilikuwa nakala ya Kihindi, hafifu, na mistari ya mwisho ilikuwa imekatwa na mashine. Binti yangu husoma Kiswahili kwa ufasaha na herufi za Kihindi kwa kubabaisha, kwa hiyo ilinibidi nimsimulie kwa Kiswahili habari za Veervati, dada pekee wa kaka saba, ambaye alizidiwa na njaa katika mfungo wake wa kwanza, na kaka zake kwa huruma wakawasha moto nyuma ya mti na kumwonyesha mwanga wake kupitia chekeche wakimwambia mwezi umetoka, naye akala, na mara habari ikaja kwamba mumewe amekufa, hadi alipofunga tena kwa ukamilifu na kurudishiwa mume. Binti aliuliza kwa nini kaka hawakuadhibiwa. Ni swali zuri, na hadithi iliyochapishwa kwa Kiswahili ingewapa wasichana wengi nafasi ya kuliuliza.

Nyuma ya karatasi hiyo mbovu, hata hivyo, kulikuwa na kitu ambacho sijakiona katika sinia lolote jingine: Masi alikuwa ameandika kwa kalamu saa ya mwezi kuchomoza Tanga, si Delhi. Wengi hufuata saa zinazotumwa kwenye simu kutoka India, wakapanda juu ya paa mapema na kukata tamaa. Sisi tulio kusini mwa ikweta, mwezi wa usiku huo hutuchelewea kuliko wao, na mara nyingi hauonekani kabla ya saa tatu. Tulipanda kwa saa ya Masi. Wingu la vuli lilikuwa limetanda upande wa bahari na likatuongezea kungoja, lakini angalau tulijua tunangoja wingu lipite na si kwamba tumewahi. Mume wangu, ambaye naye alikuwa hajala tangu asubuhi kwa hiari yake, ndiye aliyeuona kwanza.

Usafirishaji ni wa baiskeli, kama mambo mengi ya mji huu, na kijana anayeleta ni mwangalifu. Sinia lilifika likiwa wima na maziwa hayakumwagika. Ila alasiri ya Ijumaa hiyo maua yalichelewa hadi karibu na magharibi, kwa kuwa kijana ni mmoja na wateja ni wengi.

Kuhusu bei, shilingi 45,000 ni nyingi kwa sinia lenye vitu ambavyo mnunuzi ataviondoa. Masi hukubali kuuza kwa sehemu ukimwomba: chungu, vitu vibichi, kumkum, hina na chakula cha alfajiri vitakugharimu 30,000, na chekeche unaweza kutumia la jikoni, mradi liwe safi. Huandaa pia sinia dogo la sikukuu za Raksha Bandhan na Bhai Bij kwa wanaowaombea kaka zao, lenye mchele, kumkum, uzi na vitamutamu, kwa shilingi 12,000. Oda za Karva Chauth hufungwa siku tatu baada ya Dasara, sikukuu ya Kihindu inayoutangulia mfungo huu, na atakayepiga simu baada ya hapo atapewa chungu tu, kama kimebaki.