STAR au Salmon kwa RNA ya kinga ya kuku na binadamu

Ukiwa Dodoma na data ya RNA ya kuku wa kienyeji waliochanjwa kideri, ukichagua kati ya STAR na Salmon, programu za kuchambua data hiyo, swali la kwanza ni RAM (kumbukumbu ya kompyuta). STAR hupanga kila kipande cha RNA kilichosomwa juu ya jenomu nzima (DNA yote ya kiumbe): ya binadamu hula takriban GB 30, ya kuku, ambayo ni kama theluthi yake, karibu GB 10. Salmon hulinganisha vipande na orodha ya transkripti (nakala za RNA za jeni) tu, kwa hiyo laptopu ya GB 8 inatosha. Umeme ukikatika, sampuli moja unairudia upesi.

Lakini Salmon haihesabu kisichomo kwenye orodha. STAR ukiiwekea `--outReadsUnmapped Fastx` inakuhifadhia vipande vilivyokosa mahali, na humo unaweza kutafuta RNA ya virusi.

Jeni za MHC (zinazosaidia kinga kutambua vimelea) huzisumbua programu zote mbili. Hutofautiana mno kati ya kuku na kuku, mtu na mtu, hivyo vipande haviendani na jenomu ya rejea na jeni huonekana imelala kumbe inafanya kazi.

Kwenye Salmon, k (urefu wa vijisehemu vya kulinganishia, kwa besi, yaani herufi za RNA) ya kawaida ni 31. Vipande vikiwa chini ya besi 75, jenga faharasa ya transkripti upya kwa k ndogo zaidi, mfano 23. Kwenye STAR, `sjdbOverhang` (besi zinazochukuliwa kila upande wa maungio ya sehemu za jeni) ni urefu wa kipande kutoa 1: besi 100, weka 99.

Kulinganisha tu waliochanjwa na wasiochanjwa? Chukua Salmon. Ila tenga kwanza chembe nyeupe: chembe nyekundu za kuku zina kiini, na RNA yake hufunika ya kinga.